Nani Atangulie? Upambanuzi wa Wanyama Mahututi katika Zahanati ya Mifugo

Wanyama watatu wamefikishwa katika zahanati ya mifugo asubuhi moja. Wa kwanza ni mbwa aliyekatwa na kigae cha chupa kwenye wayo. Anabweka, analia, na damu imetapakaa sakafuni. Wa pili ni mbuzi anayechechemea tangu juzi. Wa tatu, aliyewasili nyuma ya wote, ni paka dume aliyelala kimya ndani ya kikapu. Mwenyewe anaeleza kuwa paka huyo amekuwa akijikamua tangu jana na hapati choo. Lau foleni ingefuatwa, paka angehudumiwa mwisho, na yamkini angekufa akisubiri, kwa kuwa huyo ambaye hajapiga hata unyende ndiye aliye karibu zaidi na mauti. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi daktari wa mifugo anavyolitambua jambo hilo katika muda wa dakika chache, na nafasi ya lugha katika utambuzi huo.

Kitaaluma utaratibu huu huitwa triaji, neno lililotokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kutenga au kuchagua. Katika tiba ya binadamu aghalabu hunasibishwa na Dominique Jean Larrey (1766–1842), daktari mpasuaji katika jeshi la Napoleon, aliyeshikilia kuwa majeruhi watibiwe kwa kufuata uzito wa majeraha yao na wala si vyeo vyao. Madaktari wa wanyama waliuchukua na kuutungia vipimo vyao. Mnamo 1994 ilichapishwa mizani ya kupima mbwa na paka waliojeruhiwa: vipengele sita, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 3, na kadiri jumla inavyokaribia 18 ndivyo matumaini yanavyofifia. Mwaka 2012 ikachapishwa orodha ya ngazi tano za rangi iliyoigwa kutoka hospitali za binadamu. Mgonjwa wa rangi nyekundu hangoji kabisa, wa rangi ya chungwa hangoji zaidi ya dakika 15, ilhali wa samawati anaweza kukaa hadi saa nne.

Mizani na rangi hizo zina manufaa, lakini msingi wa kazi yenyewe ni macho, masikio na vidole. Daktari huanza na pumzi. Mbwa aliyetulia hupumua takribani mara 10 hadi 30 kwa dakika. Akizidisha si hoja kubwa, maana mbwa hutweta kwa joto au kwa furaha. Paka akitweta kwa mdomo wazi, hiyo ni dharura mpaka ithibitishwe vinginevyo. Paka wa namna hiyo hashikwi kwa nguvu wala hapigwi picha kwanza. Hupewa oksijeni na kuachwa atulie, kwani purukushani za kumpima zinaweza kummaliza.

Baada ya pumzi huja mzunguko wa damu. Ufizi wa mnyama mzima ni wa waridi, na ukibonyezwa kwa kidole hugeuka mweupe kisha hurejea rangi yake katika sekunde moja au mbili. Ufizi mweupe huashiria upungufu wa damu au mshtuko wa mwili. Wa samawati huonyesha ukosefu wa oksijeni. Wa hudhurungi katika paka huenda ukamfanya daktari aulize iwapo kuna mtu aliyempa parasetamoli, dawa ambayo kwa paka ni sumu. Mbwa wengi wana fizi nyeusi kwa maumbile, na hapo hutazamwa utando wa ndani ya kope. Kisha huangaliwa fahamu: je, mnyama anaitikia akiitwa, au hushtuka akiguswa tu, au hata akifinywa hana habari? Katika nchi kama Kenya, ambako kichaa cha mbwa hakijatokomezwa, kuna tahadhari nyingine. Mbwa au ng'ombe anayetokwa na mate kana kwamba amekabwa na kitu kooni hatiwi mkono mdomoni kwa pupa.

Yapo maradhi ambayo ni lazima yatambuliwe mnyama akiwa bado mlangoni. Ng'ombe aliyekula majani mateketeke ya jamii ya kunde anaweza kuvimba kwa gesi mpaka lile bonde la ubavu wa kushoto, kati ya mbavu na nyonga, likatuna kama ngoma. Tumbo lililofura husukuma mapafu, na mnyama hufa kwa kukosa pumzi, pengine katika muda wa saa chache. Gesi tupu huweza kutolewa kwa mpira unaopitishwa kooni au, mambo yakifikia ukingoni, kwa kutoboa ubavu huo kwa chuma chenye ncha na ala yake. Ikiwa ni povu, chuma hicho hakifui dafu. Huhitajika mafuta au dawa ya kulivunja povu. Mbwa wakubwa wenye vifua virefu nao hupatwa na balaa linalofanana na hilo: tumbo hujaa hewa kisha hujipinda, na damu ikakatika.

Ni hapa ambapo lugha inakuwa chombo cha tiba. Mgonjwa hasemi, asemaye ni mwenye mnyama, aghalabu kwa simu na kwa wasiwasi. Akisema mbwa “anatapika,” daktari asiyedadisi ataandika tumbo kuchafuka. Akiulizwa kama kuna kitu kinachotoka, naye akajibu kuwa mbwa anajaribu tu bila kutoa chochote, hilo tumbo huenda limejipinda na kila dakika ina thamani. Hali kadhalika, “anapumua vibaya” ni kauli isiyosaidia sana, ilhali Kiswahili kina vitenzi vinavyotofautisha kuhema, kutweta na kukoroma, na kila kimoja humwelekeza daktari kwingine.

Mfano ulio mzito zaidi ni neno “choo.” Kwa adabu ya lugha, wasemaji wengi huepuka kutaja mkojo na kinyesi waziwazi, neno moja husitiri yote mawili. Mwenye paka aliposema “hapati choo,” huenda alidhani ni uyabisi wa tumbo. Lakini paka dume anayejikamua mara nyingi huwa ameziba njia ya mkojo. Kibofu hujaa kikawa kigumu, potasiamu ikalimbikizana katika damu, na moyo, ambao kwa kawaida hupiga mara 140 hadi 220 kwa dakika, ukaanza kwenda polepole. Mapigo yakishuka chini ya 120 katika paka wa aina hiyo, utulivu wake kikapuni si dalili ya nafuu hata kidogo. Swali la “haja ndogo au kubwa?” huchukua sekunde mbili, nalo laweza kuokoa uhai.

Suala la istilahi nalo halijatulia. Wapo watakaopendelea “upembuzi,” kwa kuwa kupembua ni kutenganisha. Tatizo ni kwamba kinachopembuliwa huacha taka za kutupwa, ilhali mbuzi anayechechemea hatupwi, anangoja tu. Aidha, neno hilo limekwisha kuzoeleka katika “upembuzi yakinifu” wa miradi. “Upambanuzi” linaelekea kufaa zaidi, maana kupambanua ni kutambua tofauti baina ya vitu bila kukidharau kimojawapo.

Katika zahanati ile, basi, paka huingizwa ndani kwanza. Moyo wake husikilizwa, tumbo hupapaswa, hupewa dawa ya kuulinda moyo dhidi ya potasiamu, kisha mpira mwembamba hupitishwa kuzibua njia ya mkojo. Mbwa hufungwa wayo kwa kitambaa safi kilichokazwa, na mwenyewe huombwa aketi. Baada ya robo saa ufizi wa mbwa huyo hutazamwa tena, kwa sababu aliyekuwa wa pili asubuhi anaweza kuwa wa kwanza kabla ya adhuhuri.