Mdudu Ambaye Ukoo Wake Haujawahi Kuruka

Vuta kitabu kilichokaa muda mrefu kabatini, hasa katika nyumba za pwani zenye unyevu mwingi, na huenda ukamwona mdudu mdogo wa rangi ya fedha akichomoka kati ya kurasa na kutokomea kwenye ufa. Urefu wake haufiki sentimita mbili. Mwili ni mpana kifuani, unachongoka kuelekea nyuma na umefunikwa kwa magamba membamba yanayobaki vidoleni ukimgusa. Mbele ana papasi mbili ndefu, nyuma ana mikia mitatu kama nyuzi. Wengi humponda kwa ndala bila kumtazama. Ni hasara, maana ni wachache kati ya viumbe tunaoishi nao nyumbani walio na historia ndefu kama yake.

Huyu ni wa familia ya Lepismatidae. Kiroboto, chawa na kunguni nao hawana mabawa, lakini hao ni wazao wa wadudu walioruka. Mabawa yalipotea baadaye, walipozoea kuishi kwa damu na ngozi za wengine. Lepismatidae hawakupoteza kitu. Ukoo wao ulijitenga kabla mabawa hayajatokea duniani. Utafiti mkubwa wa jeni uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba wadudu walianza kuruka miaka milioni 400 hivi iliyopita. Dinosaria walikuwa bado hawajafikiriwa.

Kumpangia mahali pake kuliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Robert Hooke wa Uingereza alimchora mwaka 1665 alivyomwona kwa hadubini yake. Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus alimpa jina Lepisma saccharina, lakini akamweka kundi moja na viroboto, buibui na hata kaa, kwa sababu tu wote hawana mabawa. Baadaye wenye mikia mitatu walikusanywa pamoja katika oda ya Thysanura, na mpangilio huo ukadumu vitabuni zaidi ya karne. Ulionekana wa busara, kumbe ulikuwa umechanganya koo mbili.

Siri ilikuwa kwenye taya. Katika oda hiyo waliwekwa pia wadudu wa maweni, wenye mgongo wa kibiongo na uwezo wa kuruka kwa kujirusha, ambao leo wanaitwa Archaeognatha. Taya la hao limeshikana na kichwa kwa kiungo kimoja tu, hivyo huzunguka na kusaga. Taya la Lepismatidae lina viungo viwili, kama mlango wenye bawaba mbili: haliyumbi, hufunguka na kufunga upande mmoja, na kung'ata kwa nguvu. Panzi, mende na mchwa wana taya la namna hiyohiyo. Kwa hiyo mdudu wetu wa kabatini ni ndugu wa karibu zaidi wa panzi kuliko wa yule anayefanana naye kwa mikia. Mwaka 1904 Mjerumani Carl Börner aliwatenga wa kwetu katika oda ya Zygentoma, na uchunguzi wa jeni umeunga mkono utengano huo. Katika oda hiyo wamo pia Nicoletiidae, wengi wao wakiwa vipofu wa mapangoni na udongoni, na Tricholepidion gertschi wa California, aliyeelezwa mwaka 1961, ambaye mwili wake hauna magamba kabisa.

Maisha yao nayo ni ya ajabu. Kipepeo akishapata mabawa hajivui ngozi tena. Lepismatidae hujivua tangu utotoni mpaka kufa, hata baada ya kuanza kuzaa, na papasi ikikatika huota upya. Mtoto hutoka kwenye yai akiwa na umbo la mzazi wake, hana hatua ya kiwavi wala ya buu. Lakini kwa jike gharama ya kujivua huku ni kubwa: katika Thermobia domestica, spishi ipendayo joto la kama nyuzi 37 karibu na tanuri za mikate, utando wa mfuko anamohifadhia mbegu za dume hutoka pamoja na ngozi. Kila akijivua, hana budi kupandwa upya. Na kupandwa kwenyewe si kukutana kwa miili. Dume hutandaza nyuzi za hariri, huweka chini yake kifurushi cha mbegu, na jike huzifuata nyuzi hizo mpaka akiokote mwenyewe.

Chakula cha Lepismatidae ni wanga wa gundi, nguo zenye wanga, na karatasi. Wanyama wengi hutegemea bakteria kusaga selulosi, lakini mwaka 1956 watafiti wawili, Lasker na Giese, walionyesha kwamba Ctenolepisma lineata husaga selulosi hata akiwa hana bakteria tumboni. Vimeng'enya ni vyake mwenyewe. Thermobia naye hufyonza mvuke wa hewani kupitia sehemu ya nyuma ya utumbo, mradi unyevu wa hewa usishuke chini ya asilimia 45 hivi. Haoni haja ya kutafuta tone la maji.

Leo wanasayansi wanamfuga Thermobia maabarani. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walitangaza kufanikiwa kuhariri jeni zake, wakitaka kujua mabawa ya wadudu yalianzaje. Bila jamaa asiyewahi kuwa nayo, swali hilo halina pa kuanzia.

Mdudu huyu haumi mtu wala hajulikani kueneza maradhi. Adui yake ni ukavu. Mwenye vitabu au hati za kale za familia asikimbilie dawa ya kupuliza. Azitoe kwenye maboksi yaliyogusa sakafu, aziweke mbali na ukuta wenye maji, na afungue madirisha hewa ipite.