Zamu wa Vitshumbi: Kazi ya Mtunza Nyumba ya Wageni na Kiswahili Chake

Katika Kiswahili cha pwani, zamu ni wakati wa mtu kushika kazi kabla ya kumpisha mwenzake. Mashariki ya Kongo neno hilohilo limehama kutoka kwenye wakati hadi kwa mtu: zamu ni yule anayelinda nyumba usiku na kushika funguo zake. Wingi wake husikika kama *bazamu*. Katika Kinyarwanda huitwa *umuzamu*. Makala haya yanaeleza kazi yake katika nyumba ya wageni kule Vitshumbi, na kwa nini maneno yake yanastahili nafasi katika masomo yetu.

Vitshumbi, ambayo herufi zake *tsh* ni urithi wa maandishi ya Wabelgiji kwa sauti *ch*, ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Edward, wilayani Rutshuru, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Goma. Kimezungukwa na Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Kulima na kukata miti hifadhini ni marufuku, kwa hiyo mbao na saruji huja kwa barabara, na barabara hufungwa mara kwa mara. Ndiyo maana kazi kubwa ya zamu ni kuzuia uharibifu kabla haujatokea.

Siku yake haianzi gizani. Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi na hurudi majini kunapopambazuka. Mwenye busara husubiri kuone kwanza. Kisha hupanda kwenye mabati. Ndege aina ya kongoti, wanaoshinda kijijini wakisubiri matumbo ya samaki, huchafua paa, na maji ya mvua hutiririka kutoka paani hadi kwenye *siterni*. Asiyefagia paa na mifereji humnywesha mgeni uchafu huo. Baadaye hukagua *robine*, bawaba za milango, nyavu za madirisha na vyandarua. Jioni hufunga madirisha kabla ya kuwasha taa, kwa kuwa wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga kwa makundi.

Tazama sasa lugha ya kazi hiyo. *Siterni* na *robine* ni maneno ya Kifaransa yaliyovaa sauti za Kibantu, kwa maana ya tangi na bomba la kufungulia maji. Anayeyaita makosa hajauliza yanafanya kazi gani. Chukua *mazutu* na *esansi*, yaani dizeli na petroli. Neno *mafuta* pekee lingeweza kumaanisha hata mawese ya kupikia. Mashine ya umeme ikitiwa isiyo yake, huharibika. Hapo mkopo unaleta usahihi.

Mfano wa pili ni wa sarufi. Zamu akimwambia mwenye nyumba, "*Robine ilishaharibika*," msikilizaji aliyezoea Kiswahili sanifu anaweza kudhani ni habari ya zamani, pengine bomba limekwisha tengenezwa. Lakini katika Kiswahili cha Kivu, *-lisha-* hueleza jambo lililokamilika ambalo hali yake bado ipo, kama *imeshaharibika*. Ukilikosa hilo, maji yanamwagika wiki nzima nawe umetulia.

Watu wa kazi za nyumbani wamewahi kuandika kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha mji huo. Mwaka 1990 Johannes Fabian na wenzake waliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo ni chanzo muhimu kwa wanahistoria na wanaisimu. Kwa Ziwa Edward, kazi ya namna hiyo ingali na nafasi.

Na muda haumsubiri mtafiti. Virunga imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini tangu mwaka 1994, na Machi 2024 wapiganaji wa M23 waliingia Rwindi na Vitshumbi. Mgeni asipokuja, kazi haipungui: robine isiyofunguliwa hukwama, mchwa hula fremu, na paa likivuja hakuna wa kulalamika. Mwenye nyumba aliye mbali hubaki na sauti ya zamu kwenye simu tu. Kwa sauti hiyo huamua kama atume fundi, fedha, au amwambie mtu aondoke aokoe maisha yake.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aanze na zamu wa mtaani kwake. Aandike jina la kila kifaa, kitenzi kinachoambatana nacho, na sentensi ambayo mtu hutoa taarifa nayo. Orodha ya maneno bila sentensi haitatusaidia, maana tumeona kwamba utata mwingine umo katika kiambishi kimoja cha njeo.