Mtoto Apendwaye Hujifunza Kujitawala



Mara nyingi twasikia malalamiko haya: "Vijana wa siku hizi hawasikii." Binti amepata mimba kabla ya kumaliza masomo, kijana ameshikwa na ugonjwa wa zinaa, akauficha mpaka ukamzidi. Twalaumu simu, miziki na marafiki wabaya. Hayo yana nguvu, hatukatai. Lakini yatupasa kutazama nyuma zaidi, hata siku zile mtoto alipobebwa mgongoni.

Mgongoni mwa mama

Mwaka 1954 bibi mmoja mtaalamu wa mambo ya nafsi, Mary Ainsworth, alifika Uganda, nchi jirani yetu. Alitembelea nyumba za akina mama 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akatazama jinsi watoto wachanga walivyoshikamana nao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba watoto ambao mama zao waliwaangalia sana na kuwajua vema hawakulia mno. Nao walithubutu kutambaa mbali kidogo na kuchunguza vitu, maana walijua pa kurudia.

Mtoto mchanga hawezi kujituliza. Hutulizwa kwanza na mwingine, kisha polepole hujifunza kujituliza mwenyewe. Hapo ndipo kujitawala huanza.

Miaka ya hatari

Kijana wa miaka 15 ana tamaa za mtu mzima. Bali sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, itusaidiayo kupima mambo na kungoja, huendelea kukomaa hata karibu na miaka 25. Kwa hiyo bado ahitaji pa kurudia. Asipopaona nyumbani, atapatafuta penginepo. Binti asiyesikia neno jema kwa baba yake aweza kulipokea kwa mwanamume yeyote amsifuye na kumnunulia simu. Mwanamume huyo ndiye mkosaji wa kwanza, wala tusimwachie binti mzigo wote.

Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1997, juu ya wanafunzi zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba wale waliojisikia kupendwa nyumbani kwa kawaida walichelewa kuanza mambo ya ndoa kuliko wenzao.

Hofu haitoshi

Wako wazazi wadhanio kwamba fimbo yatosha. Lakini mtoto aongozwaye na hofu tu hujifunza kuficha. Tufikiri juu ya msichana aliyenajisiwa: dawa ya kumkinga na ukimwi yapasa kuanzwa hospitalini kabla ya saa 72 kupita. Aogopaye kufukuzwa nyumbani atanyamaza siku hizo tatu, na nafasi itapotea. Vivyo hivyo mimba iliyofichwa haipimwi. Na msichana mdogo akikawia katika uchungu bila msaada, aweza kubaki na fistula, akitokwa na mkojo pasipo kuuzuia.

Kazi ya wazazi

Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio, alikumbusha kwamba kuwafundisha watoto mambo ya mapendo na ya mwili ni haki na wajibu wa wazazi. Tusimwachie mwalimu na padri peke yao. Baba na azungumze na watoto wake jioni, hata kwa maneno machache. Mama na amweleze binti habari za mwili wake kabla ya damu ya kwanza. Amri za nyumbani na ziwe thabiti, na sababu zake zijulikane. Mtoto akikosa, na aonywe. Lakini mlango usifungwe. Yule baba wa Injili alimkimbilia mwanawe angali mbali.

Nanyi wanafunzi, kungoja si utumwa. Akupendaye kweli hatakuharakisha wala hatakutaka ufiche. Mkipatwa na neno, semeni upesi kwa mzazi, shangazi, sista au mwalimu mnayemwamini.

Samaki mkunje angali mbichi, wasema wazee. Nasi twaongeza: mkunje kwa mkono wa upole, asije akavunjika.