Askari wa Shaba na Jina la Wapagazi

Katika Dar es Salaam, penye mzunguko wa barabara za Samora na Azikiwe, pana sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Ilibuniwa na mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya 1914–1918.

Ugeni wake huonekana ilinganishwapo na sanamu iliyoitangulia mjini humo. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana: yeye yuko juu, askari Mwafrika yuko chini akimtazama. Waingereza waliiondoa, nayo ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Katika sanamu ya 1927 askari amesimama peke yake.

Hata hivyo maandishi ya ukumbusho huo, yaliyo katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yawataja pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Katika sanamu ya Nairobi mpagazi ni mmoja wa watu watatu walioonyeshwa. Dar es Salaam ametajwa tu, hakuonyeshwa.

Neno mpagazi, litokalo katika kitenzi pagaa, yaani kuchukua mzigo begani, lina historia ndefu katika nchi ya kati. Misafara ya karne ya 19 iliyokwenda Unyanyembe ilipita Mgunda Mkali, nyika kavu ambayo sehemu yake leo imo katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida. Huko Kilimatinde Wajerumani walijenga boma, na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliliteka. Katika vita hivyo, pasipofika reli wala gari, chakula na risasi vilichukuliwa na watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi.

Ukumbusho wao mwingine umo katika lugha. Mahali walipokaa wapagazi wa kikosi cha Waingereza kilichoitwa Carrier Corps pakaitwa Kariakoo. Matamshi yake yafaa kuangaliwa. Waingereza hawazitamki herufi mbili za mwisho za Corps, na Kiswahili, kilichopokea jina kwa sikio, hakikuziingiza. Irabu yao ndefu ikawa silabi mbili, ko na o. Na kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ukaangukia ko. Kama irabu ingalikuwa moja, mkazo ungalirudi nyuma kwenye a. Nairobi nako jina hilo hilo laandikwa Kariokor, r ya Kiingereza ikiwa imehifadhiwa.

Hivyo kila aulizaye njia ya kwenda soko la Kariakoo huwataja wapagazi hao, ajapokuwa hajui. Wachunguzi wa majina ya mahali wana sababu ya kuyasoma majina ya namna hii pamoja na sanamu, kwani yale yasiyoonyeshwa katika shaba huenda yamehifadhiwa katika usemi wa kila siku.