Grafu ya Uchungu wa Uzazi wa Kwanza

Mkunga wa zahanati ya milimani wilayani Kilolo, mkoani Iringa, anapompokea mwanamke mwenye uchungu wa mimba ya kwanza, huwa na swali ambalo halina budi kujibiwa mapema: je, mama huyu atajifungua kwa njia ya kawaida, au itambidi apasuliwe? Mwenzake wa Hospitali ya Wazazi Meta, mjini Mbeya, aweza kulingoja jibu, kwani mpasuaji yu karibu. Wa Kilolo hawezi. Chumba cha upasuaji kiko mbali, na wakati wa mvua barabara za milimani huteleza.

Mama aliyekwisha kuzaa ana ushahidi kwamba nyonga yake imepata kupitisha mtoto. Mwenye mimba ya kwanza hana. Ndiyo maana watu walitafuta dalili katika kimo, hata katika ukubwa wa wayo. Mama mfupi kuliko sentimita 150 hushauriwa kujifungulia hospitalini. Shauri hilo ni jema, lakini si utabiri, maana wengi wa wanawake wafupi huzaa salama bila kisu, na baadhi ya warefu hukwama. Kinachopimana na nyonga ni kichwa cha mtoto, nacho hujiinamisha na kujigeuza, na mifupa ya fuvu, ambayo bado haijaungana, hupandana kidogo. Hali kadhalika nguvu ya mikazo haijulikani kabla uchungu haujaanza. Yafaa basi kuuuliza uchungu wenyewe.

Mwaka 1955 Emanuel Friedman wa New York alichapisha uchunguzi wa wanawake 500 wa mimba ya kwanza. Alichora saa kwenye mhimili wa mlalo, na kwenye mhimili wa wima upana wa mlango wa kizazi kwa sentimita. Mwaka 1972 R. H. Philpott na W. M. Castle, waliofanya kazi katika mji uitwao leo Harare, walieleza mistari miwili ya kuongezwa. Mstari wa tahadhari hupanda sentimita 1 kwa saa. Ule wa kuchukua hatua uko saa 4 kulia kwake. Saa hizo 4 zilikusudiwa kutoa nafasi ya kumhamisha mama kutoka kliniki za pembeni hadi hospitali kuu. Kwa maneno mengine, umbali wa barabara uliingizwa ndani ya grafu.

Mwanafunzi na achore. Saa 2 asubuhi mlango umefunguka sentimita 4; saa 6 mchana, sentimita 6 tu. Mstari wa tahadhari ulitaka 8, kwa hiyo umekwisha kuvukwa. Mwendo ukibaki nusu sentimita kwa saa, mama ataufikia mstari wa pili lini? Tuite muda tangu saa 2 asubuhi t: 4 + 0.5t = t, yaani t = 8, saa 10 jioni. Mkunga anayeisoma karatasi saa 6 ana saa 4 za kutafuta gari.

Hata hivyo mstari huo umepingwa, na kwa haki. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 13 za Nigeria na Uganda, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wanawake wengi huenda polepole kuliko sentimita 1 kwa saa, hasa kabla ya kufika 5, nao na watoto wao hawadhuriki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 huanza kuhesabu kwenye sentimita 5, na kila sentimita ina muda wake: kwenye 6 mkunga hushtuka baada ya saa 5, kwenye 9 baada ya saa 2. Mama wa mfano wetu, kwa kipimo hiki, bado yu salama saa 6 mchana. Jambo hili si dogo, kwa sababu kovu la upasuaji wa kwanza huhatarisha mimba zifuatazo.

Kwa maoni yangu, hospitalini mwongozo mpya hauna mshindani. Milimani ningeongeza hesabu ya barabara, nikikumbuka kwamba kumhamisha mama si kumpasua. Wengi waliohamishwa huzaa wenyewe.

Tena upana wa mlango hautoshi. Mkunga hupapasa tumbo kujua ni sehemu ngapi kati ya tano za kichwa zingali juu ya nyonga. Mlango ukifunguka ilhali kichwa hakishuki na mifupa ya fuvu inazidi kupandana, hiyo ni dalili nzito kuliko mwendo wa polepole peke yake. Mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika, na rangi ya maji ya chupa huandikwa papo hapo. Karatasi hiyo husafiri na mama ndani ya gari, na mpasuaji wa Tosamaganga au Mbeya huisoma kabla hajanawa mikono.