Jozi Haingoji Dukani

Wachoraji wa Italia wa karne ya 15 walisaga rangi zao katika mafuta ya jozi. Waliyachagua kwa sababu yakipakwa ubaoni utando mwembamba, hayabaki majimaji kama mafuta ya zeituni. Huvuta oksijeni ya hewani, molekuli zake zikashikana, na baada ya siku kadhaa utando ule huwa mkavu na mgumu.

Kazi hiyohiyo ya oksijeni huendelea ndani ya jozi iliyowekwa kwenye mfuko wa nailoni, juu ya rafu, katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat. Mwoka keki hafaidiki nayo hata kidogo. Jozi hutoa harufu ya rangi ya ukutani, ikaacha uchungu unaokwangua koo, na hakuna sukari wala iliki ya kuuficha. Imechacha. Ninawaandikia hasa wanaoinunua kwa kazi, wenye bekari, hoteli, aiskrimu na halua, kwa kuwa naamini kwamba asiyejua jozi inalimwaje na inavunwaje hawezi kuinunua vizuri, hata akipewa bei nafuu.

Sababu iko kwenye mafuta yenyewe. Gramu 100 za jozi iliyobanguliwa zina takriban gramu 65 za mafuta, na gramu 47 kati ya hizo ni za asidi mafuta zenye vifungo maradufu zaidi ya kimoja. Hidrojeni iliyo katikati ya vifungo viwili vya namna hiyo imeshikwa kwa ulegevu, na hapo ndipo oksijeni inapoanzia. Korosho ina takriban gramu 44 za mafuta, lakini ya aina hiyo dhaifu hayazidi gramu 8. Ndiyo maana korosho huvumilia ghala kwa muda ambao jozi haiwezi. Na zile gramu 9 za omega-3 ambazo wataalamu wa lishe huisifia jozi ndizo zinazoshambuliwa upesi kuliko mafuta yake mengine yote.

Kwa hiyo jozi inunuliwe kama samaki wa soko la Feri: swali la kwanza ni imetoka lini majini.

Uchina ndiyo inayozalisha jozi nyingi kuliko nchi nyingine, lakini shule ya kilimo chake cha kisasa ni California, kwenye Bonde la Kati, linalotoa karibu jozi zote za Marekani. Aina za Kifaransa zilizojenga kilimo hicho ziliingizwa na kinyozi. Felix Gillet, Mfaransa aliyekuwa na duka lake la kunyolea katika mji wa machimbo wa Nevada City, alifungua kitalu mwaka 1871 kwenye kilima kikavu, akaagiza vikonyo kutoka kwao na kuvisambaza kwa wakulima. Karibu karne moja baadaye, Eugene Serr na Harold Forde wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis walichanganya mbegu wakapata aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1979 kwa jina la Chandler. Miti mingi ya zamani ilizaa kwenye ncha za matawi tu. Chandler huzaa pia kwenye macho ya ubavuni, tawi zima, na kiini chake ni cheupe. Leo imepandwa hadi Chile na Uturuki.

Mche wa biashara haupandwi kwa mbegu. Hubebeshwa, kama miche ya mikorosho inavyobebeshwa Naliendele, Mtwara, isipokuwa hapa kikonyo na shina la chini ni vya jamii mbili tofauti. Kikonyo ni cha jozi tunayoila. Shina la chini mara nyingi ni Paradox, chotara wa jozi hiyo na jozi nyeusi ya California, aliyepewa jina na mzalishaji mimea Luther Burbank mwishoni mwa karne ya 19. Paradox hukua kwa nguvu na mizizi yake huvumilia udongo mgumu. Lakini ndoa hiyo ina adui wake. Kuna kirusi kinachosafiri kwenye chavua ambacho jozi ya kawaida hukibeba bila kuugua, ila kikiteremka hadi kwenye shina la chotara, chembe za shina hilo hujiua ili kisipite. Mstari mwembamba mweusi huzunguka pale palipoungwa, chakula kikakatika, na mti mkubwa ukafa kwa kujihami kwake wenyewe.

Maua nayo yana mambo yake. Mti mmoja hubeba maua dume na maua jike, lakini hayakomai pamoja. Miti mingine hutanguliza dume, mingine hutanguliza jike, na upepo ndio unaobeba chavua; nyuki hawana kazi hapo. Kwa hiyo shamba la Chandler, ambayo hutanguliza dume, huhitaji miti michache ya aina nyingine yenye chavua ya kuchelewa. Mwaka 2025 watafiti wa Davis walichapisha katika jarida la Science kwamba mgawanyo huo wa nani aanze unaongozwa na tofauti za vinasaba zilizodumu kwenye ukoo wa jozi kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: chavua ikizidi, ua jike hufa. Chembe nyingi mno za chavua zikitua juu yake, ua hutoa ethilini, likanyauka na kudondoka. Aina iitwayo Serr iliwatia wakulima hasara kwa sababu hiyo, na wengine walilazimika kung'oa miti ya kuchavusha waliyokuwa wameipanda kwa gharama.

Mkulima wa pwani yetu akiuliza kama aupande mti huu, jibu langu ni hapana, na tatizo si udongo. Mti wa jozi hupukutisha majani na kulala, na macho yake hayafunguki mpaka yapate baridi ya kutosha. Wataalamu huihesabu kwa saa ambazo joto la hewa liko chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na aina nyingi za biashara hutaka takriban saa 700 hadi 1,000 kwa msimu. Zisipotimia, mti huchipua vipandevipande, maua hayakutani, na mavuno hupotea. Zanzibar na Mombasa hazipati hata saa moja ya baridi hiyo. Njombe na Kitulo huona jalidi mwezi Juni na Julai, lakini ni baridi ya usiku. Mchana jua hurudi na kufuta sehemu ya kazi iliyofanywa gizani. Anayekuuzia mche wa jozi barabarani Tanga akakuahidi mavuno, mche unaweza kuwa wa kweli lakini ahadi si ya kweli. Fedha hiyo ingekuwa na faida zaidi kwenye mkorosho bora wa kubebeshwa, au kwenye makadamia kwa aliye katika nyanda za juu kama za Murang'a na Embu.

California yenyewe haina hakika tena na baridi yake. Ukungu mzito wa Desemba na Januari, uliokuwa ukifunika Bonde la Kati na kuyakinga macho ya miti na jua, umepungua. Mwaka 2009 mtafiti Eike Luedeling na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba saa za baridi bondeni humo zimekuwa zikishuka tangu katikati ya karne iliyopita, na kwamba kabla ya karne hii kwisha, sehemu kubwa ya bonde huenda isiifae tena miti inayohitaji baridi nyingi. Ongeza maji: mti uliokomaa hutumia takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na kiangazi cha huko hakina mvua. Ni zao la mtu mwenye kisima, mkopo na subira, kwani mavuno ya kwanza ya maana huja mwaka wa nne au wa tano.

Sasa tufike pale ubora unapoamuliwa, yaani siku chache za Septemba na Oktoba.

Kati ya nusu mbili za kiini kuna utando laini. Ukigeuka kutoka mweupe kuwa wa kahawia, kiini kimekomaa, na rangi yake haitakuwa nyeupe tena kama siku hiyo. Shida ni kwamba ganda la nje la kijani bado limeshika. Penye joto kali linaweza kuchelewa kupasuka kwa siku nyingi, na kila siku ya kungoja kiini hupungua weupe na thamani. Ndiyo maana wakulima wengi hupulizia dawa inayotoa ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, ili ganda lipasuke mapema. Kisha mashine hushika shina na kulitikisa kwa sekunde chache, jozi zikamwagika chini kwa kishindo. Mashine nyingine huzifagia zikae mistari, nyingine huzizoa. Jozi ikilala juani juu ya udongo wa moto, hata siku moja, kiini hupikika ndani ya kifuu chake. Mkulima makini huiondoa siku hiyohiyo, huivua ganda la kijani, ambalo majimaji yake yakikutana na hewa hugeuka kuwa jugloni, rangi ya kahawia isiyotoka mikononi kwa sabuni, na kuipeleka kwenye kikaushio. Hewa ya kikaushio haipaswi kuzidi nyuzi 43. Zaidi ya hapo mafuta huanza kuharibika kabla mteja hajaiona jozi. Hukaushwa mpaka unyevu ufike asilimia 8: ukibaki juu ya hapo ukungu huota, ukishuka sana kiini huvunjikavunjika.

Mwaka 2022 ulionyesha jinsi ubora huo ulivyo tete. Tarehe 6 Septemba joto la Sacramento, California, lilifika nyuzi 46.7, kubwa kuliko lolote lililokuwa limewahi kurekodiwa mjini hapo. Jozi zilikuwa bado mtini, na nyingi zikageuka rangi. Soko lilikuwa tayari limejaa, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakang'olewa katika miaka iliyofuata. Jozi iliyopoteza weupe, ya bei ya kutupa, iliyozunguka sokoni baada ya hapo haikuwa bahati ya mnunuzi.

Ukiyashika hayo, kununua kunakuwa na akili. Uliza mwaka na mwezi wa mavuno kabla ya kuuliza bei. Upande wa kaskazini wa dunia huvuna Septemba hadi Novemba, na Chile huvuna Machi hadi Mei, kwa hiyo anayeagiza Julai hana sababu ya kukubali jozi ya California ya mwaka uliopita kama hakuoneshwa mahali ilipohifadhiwa. Tazama rangi: sokoni hupangwa kutoka nyeupe sana hadi ya kahawia, na weusi mara nyingi ni alama ya joto na kungoja.

Pendelea nusu nzima kuliko iliyokatwakatwa, hata kama ni ghali zaidi. Ile ngozi nyembamba yenye ukakasi kidogo imejaa polifenoli zinazoikinga dhidi ya oksijeni, na kila pigo la kisu hufungua upande usio na kinga. Katakata mwenyewe asubuhi ya kazi. Anayenunua yenye ganda ahesabu kwamba kilo moja ya Chandler nzuri hutoa takriban nusu kilo ya kiini, na asisahau ujira wa kubangua.

Anayeuziwa kwa kontena adai cheti cha maabara chenye kipimo cha peroksidi na cha sumukuvu (aflatoksini). Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 4 za sumukuvu zote kwa kilo ya jozi ya kuliwa moja kwa moja, na 2 za aina ya B1, kipimo ambacho mnunuzi wetu anaweza kukiandika kwenye mkataba wake. Kuhusu peroksidi kuna mtego: huongezeka mafuta yanapoanza kuharibika, kisha zenyewe huvunjika na kupungua, kwa hiyo namba ndogo inaweza kuwa ya jozi mpya au ya jozi iliyokwisha kabisa. Ulimi hauna mtego huo. Tafuna chache kutoka katikati ya mfuko, si za juu tu.

Ukishainunua, iweke kwenye jokofu kati ya nyuzi 0 na 5, katika chombo kisichopitisha hewa, mbali na vitunguu na samaki kwa sababu jozi hunyonya harufu. Hapo iliyobanguliwa hudumu miezi mingi. Kwenye friza, zaidi ya hapo. Ukiitoa, iache ifikie joto la chumba kabla ya kufungua chombo, la sivyo mvuke wa hewa yetu ya pwani utatua juu yake na kuwa maji. Na ukiitumia, iandike kwenye lebo waziwazi, kwa maana wapo ambao chembe ndogo ya jozi huwafunga koo.

Jozi nyingi mbaya zilizoko kwenye rafu zetu zilitoka shambani zikiwa nzuri, zikauawa na safari na maghala yasiyo na baridi. Hilo liko mikononi mwa waagizaji na wateja wao wakubwa. Wenye bekari na hoteli, daini mwaka wa mavuno uandikwe kwenye ankara, na muuzaji asiyeweza kuutaja mrudishieni mzigo wake.