Ndege ya uani: ramani usiichezee!

JUMAPILI iliyopita nilikuwa kibarazani napata kahawa, mara akatokea shemeji yangu, fundi magari. Karatasi kubwa kwapani, uso unang'aa.

"Shem, nataka kuunda ndege."

Mke wangu, aliyekuwa anachambua mchicha, akaangua kicheko. "Kaka, kwanza malizia ile pikapu ya mzee!"

Mimi sikucheka. Msomaji, usidhani hizo ni ndoto za mchana. Huko Marekani watu wanaunda ndege nyumbani tangu enzi za babu zetu. Bwana Bernard Pietenpol wa Minnesota aliunda ya mbao na kitambaa, akaifunga injini ya gari la Ford, ikapaa mwaka 1929. Ramani yake inafuatwa mpaka leo. Sheria ya kule inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na raia mwenyewe kwa kujifurahisha au kujifunza, na ndege iandikwe wazi kwamba ni ya majaribio.

Kilichonishtua ni maneno yaliyofuata: "Vitu vidogovidogo nitabadili. Ramani si msahafu, bwana!"

Hapo nikamkumbuka John Denver, yule mwanamuziki wa Marekani mwenye gitaa na miwani. Jamaa alikuwa rubani hasa, saa zaidi ya 2,700 angani. Mwaka 1997 alinunua ndege ya mkononi aina ya Long-EZ, iliyoundwa nyumbani na mtu mwingine kwa ramani za Burt Rutan.

Kwenye ramani, koki ya kubadili tangi la mafuta iko mbele, katikati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Na nia yake ilikuwa njema: hakutaka mafuta yapite pale anapokaa rubani.

Oktoba 12, 1997, huko Monterey, California, Denver na fundi mmoja waliona koki ile haifikiki vizuri. Wakajaribu kuirefusha kwa koleo, wapi! Akaulizwa kama anataka kuongeza mafuta, akasema hapana, anazunguka kama saa moja tu.

Hakurudi. Ndege ilitumbukia baharini, naye akafa akiwa na miaka 53. Wachunguzi walisema chanzo yaelekea ni kwamba alipojigeuza kuishika koki, mguu wake ulikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, ndege ikamshinda.

Shemeji akanyamaza. Nikamwambia: "Gari likizima, unashuka unasukuma. Angani utashukia wapi? Aliyechora alishapiga hesabu ya kila kitu, mpaka mkono wa rubani unafika wapi. Ukitaka kubadili, muulize kwanza. Na usiruke kabla wakubwa wa usafiri wa anga hawajaikagua na kukupa kibali."

Akakunjua karatasi zake mkekani, akatafuta kwa kidole mpaka akaiona koki. Akachukua penseli, akaizungushia duara.

"Itakaa hapahapa," akasema.

"Vizuri," mke wangu akadakia. "Lakini mimi sipandi!"

Haya, tukutane wiki ijayo.